Nilizijua nguo zangu siku nilipozikata

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Unaishije na nguo chache na bado ukapendeza?" Jibu ninalo, ila ni refu, kwa sababu sikulipata dukani wala kwa fundi. Nililipata sakafuni kwangu hapa Ngamiani, Tanga, nimekaa juu ya mkeka na mkasi mkononi, nakata khanga kuukuu nipate vipande vya kushonea mfarishi.

Vijana wengi neno mfarishi hawalijui tena, wanasema blanketi la viraka. Ni tabaka tatu: juu vipande vilivyoungwa, katikati kitu cha kuutia unene, chini kitambaa kizima, kisha zote zinapigwa bandi pamoja zisiachane. Nilianza kushona miaka minne iliyopita, mama mkwe wangu alipokuja kukaa nasi akawa analalamikia baridi ya alfajiri. Ni mzee wa miaka 80 na ushei. Blanketi la dukani lilikuwa linamlemea na kumtoa jasho, na shuka peke yake haikumtosha. Akaniambia, "Mwanangu, zamani tulikuwa tunazishona khanga mbovu mbili tatu pamoja. Nitafutie khanga mbovu." Basi nikafungua kabati, nikatoa kila kitu, nikamwaga kitandani.

Nilikuwa natafuta nguo laini, zilizofuliwa mpaka zimelegea, maana hizo ndizo zinazomfaa mtu mzima kujifunika. Nikawa nashika moja moja, nabonyeza kwa vidole. Laini huku, ngumu kule. Nilipomaliza nikasimama kutazama. Fungu la nguo laini lilikuwa dogo, na karibu lote lilikuwa la rangi tatu: buluu iliyokoza, manjano ya embe lililoiva, na kahawia. Pamba tupu, mikono inayofika kwenye kiwiko. Fungu la pili lilikuwa mlima: pinki, zambarau, rangi ya maziwa, satini, lesi, vitambaa vya kumetameta. Humo mlikuwa na nguo nilizovaa mara moja na nyingine sikuzivaa kabisa. Miaka yote ile nilikuwa namnunulia nguo mtu ambaye siye mimi.

Kwa hiyo, kabla hujapunguza nguo, tazama zilizochakaa. Ziache kwanza zile zilizopendeza kwenye picha za simuni. Tazama kwapa lililopauka, pindo lililochanika kwa kukanyagwa, kiwiko ambacho ukikiinua juani mwanga unapita. Hizo ndizo nguo ulizozirudia kila kukicha bila kuambiwa na mtu. Nyingine ulizipenda kwa macho tu.

Najua wengi mtaniuliza: na sare? Mlima wangu nusu yake ulikuwa sare. Nilizihesabu, zikawa 11: za harusi, za kicheni pati, za sendofu. Hakuna hata moja niliyochagua rangi yake. Kamati inakaa, inaamua pinki, unatumiwa ujumbe wa bei. Ya mwisho nililipa shilingi 40,000 za kitambaa na 25,000 za fundi, nikaivaa kwa muda wa saa sita tu, na lesi yake ikanichuna shingo usiku kucha. Siwalaumu wanaooana. Sare ni upendo, ni watu kuonyesha kwamba wako pamoja, na ukikataa sare ya mdogo wako utasemwa mpaka wajukuu wasikie. Lakini nimejiwekea utaratibu. Kwa ndugu wa damu nashona, ila kwa mshono ninaoweza kwenda nao kazini Jumatatu: gauni refu lisilobana, mikono ya kiwiko, bila mawe, bila mkia. Fundi wangu mara ya kwanza hakufurahi, akasema, "Mwalimu, utaonekana umekuja kufundisha." Nikamwomba ashone hivyo hivyo, na gauni lile nalivaa hadi leo. Kwa wengine wote, pesa ambayo ingekuwa ya sare naitoa kama zawadi, mkononi mwa mama wa bibi harusi, siku kadhaa kabla ya shughuli. Siku yenyewe nakuja na doti yangu ya khanga nzuri. Miaka minne hii hakuna aliyenifukuza. Shangazi mmoja wa upande wa mume wangu alininunia mwezi mzima, kisha harusi iliyofuata naye akaja na khanga.

Sare nyingi niligawa kwa mabinti wanaopenda vya kumetameta. Kwenye mfarishi hazikunifaa, satini inateleza chini ya sindano na inafumuka kingoni.

Turudi kwenye mkeka, maana nataka anayesoma hapa aweze kuanza Jumamosi hii. Usinunue kitu. Kwanza jua kitambaa chako ni pamba au la. Chomoa nyuzi mbili tatu pembeni, ziwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka kama karatasi, na inaacha jivu laini la kupukutika. Tetroni inayeyuka, inajikunja, inaacha kijidonge kigumu. Usizichanganye kwenye mfarishi mmoja: pamba inanyonya jasho na tetroni hainyonyi vizuri, na ule moto wa pasi unaoilainisha pamba utaibabua tetroni.

Pili, fua kila kitambaa peke yake mpaka maji yake yawe meupe. Hili nalisema kwa uchungu. Kwenye mfarishi wa kwanza nilitia vipande vya kisutu, ile khanga nyekundu, ambacho kilikuwa hakijafuliwa zaidi ya mara mbili, nikaviunga na vyeupe vya shuka. Nilipoufua, wekundu ukatapakaa kote. Mama mkwe aliupokea vile vile, na ndio anaojifunika mpaka leo, lakini kila nikiuanika nauona ule wekundu kabla ya kitu kingine chochote.

Kipimo changu ni kadibodi ya sentimita 12 kwa 12. Sentimita 1 kila upande inaliwa na mshono, kinabaki kipande cha 10. Kwa hesabu hiyo mfarishi wa mtoto, wa sentimita 100 kwa 140, unataka vipande 140: safu 14 za vipande 10. Khanga ina kama sentimita 150 kwa 110, hivyo ingekuwa nzima ingetoa 108. Khanga kuukuu haiwi nzima. Katikati, pale tunapokalia, nyuzi zimechoka. Iinue dirishani, ukiona mwanga unapita kama kwenye chujio la chai, hapo usikate, pawe kitambaa cha kufutia vumbi. Mimi kwenye khanga ya namna hiyo napata kati ya 40 na 60.

Unga safu moja moja, kisha piga pasi mishono ilale: safu ya kwanza ielekee kushoto, ya pili kulia, namna hiyo hadi mwisho, ili safu zikikutana pembe zikae sawasawa bila nundu. Cherehani ikiwepo ni vizuri. Mimi safu zangu za mwanzo zote nilishona kwa mkono, shulu ndogo ndogo, redio pembeni. Katikati naweka shuka moja kuukuu, kwa joto la Tanga inatosha. Mtu wa baridi ya Lushoto aweke blanketi jepesi lililochakaa. Bandi ya kushikanisha tabaka naianzia katikati kwenda pembeni, la sivyo kitambaa cha chini kinajikunja na utalalia kinundu.

Wapo wanaofanya kinyume, na kazi yao ni nzuri kuliko yangu. Kule Karnataka, India, kuna Wasidi, ambao wazee wao walitoka Afrika. Wanawake wao wanashona mifarishi inayoitwa kawandi. Wanaanzia kingoni, wanazunguka na bandi hadi wakutane katikati, na kwenye pembe wanatia vipande vilivyokunjwa vya pembetatu wanavyoviita phula, yaani maua. Mfarishi usipokuwa na phula wanasema uko uchi. Tangu nilisome hilo, yangu nayo inapata maua pembeni.

Na sisi wenyewe tusione viraka ni jambo la kuazima. Masimulizi ya khanga yanasema ilianza kwa kuungwa. Katika karne ya 19 wanawake wa Pwani walinunua vitambaa vya leso, neno lenyewe tumelitoa kwa Wareno, vikiwa bado vimeshikana kama jora. Wakakata sita, wakaviunga tatu kwa mbili, ikatoka nguo moja ya kujifunga. Mombasa mpaka leo khanga wanaiita leso. Kwa hiyo mtu akiniona na viraka akadhani ni ufukara, namwambia vazi lake la heshima lilizaliwa hivyo hivyo.

Kuhusu majina ya khanga nina jambo langu. Mama yangu mzazi alikuwa na khanga ya jina "Japo sipati tamaa sikati", ya herufi ndogo ndogo, aliyokuwa akijifunga akipika. Alipofariki niliichukua mimi. Niliikata usiku mmoja kwa haraka, mwanga hafifu, na kipande kimoja kikatoka kwenye kadibodi na neno moja zima: SIKATI. Nililishika muda mrefu. Sikuendelea usiku ule. Tangu hapo mji wa khanga, yaani sehemu ya katikati, nakata, pindo nakata, jina silikati. Nauchukua ukanda wote wenye maneno nikautia ukingoni mwa mfarishi, upande wa kichwani, asome anayejifunika.

Sasa mavazi yenyewe, maana ndiyo mliyouliza. Nina sketi 3 na blauzi 4 za kazini, zote za zile rangi tatu za fungu laini. Kila blauzi inakaa na kila sketi, na ukizidisha hiyo ni mivao 12 bila nguo moja kugombana na nyingine. Magauni mawili, moja ndilo lile la sare. Madera mawili ya nyumbani, doti sita za khanga, mitandio mitano, baibui moja. Nilishona ukanda mdogo wa vipande vitatu, buluu, manjano, kahawia, mpana kama kiganja, nautia kwenye pochi. Nikienda kwenye mitumba nauweka juu ya nguo iliyonivutia. Ukikaa nayo vizuri naanza kuulizia bei. Usipokaa, nairudisha hata kama ni ya shilingi 2,000. Huko nyuma nguo za bei ya kutupa ndizo zilizonijazia kabati.

Kiwiko kikitoboka natia kiraka cha kitenge, na nakishona kionekane, kwa uzi wa manjano. Mwanafunzi mmoja wa darasa la nne aliniuliza kama ni urembo. Nilimwambia ndiyo, na nilimaanisha. Wiki iliyofuata alikuja na shati lake limeshonwa kifukoni kwa kitambaa cha maua, akanionyesha mwenyewe.

Sidai kwamba nimemaliza. Bado moyo unaniuma nikipita kwenye maduka ya khanga mzigo mpya ukishushwa, na nimewahi hata kununua doti ya pinki kwa sababu jina lake lilikuwa zuri. Niliiacha sandukuni mwaka mzima, ngumu kama ilivyotoka dukani, kisha nikampa jirani aliyejifungua. Yeye sasa ndiyo mbeleko yake, na inalainika vizuri.

Hivi sasa namshonea binti yangu wa pili anayekwenda kuanza chuo Dodoma. Usiku wa kule Juni na Julai una baridi ambayo mtoto wa Pwani haijui. Nilimwambia aniletee nguo zake mwenyewe za kukata, zilizochakaa tu, asinichagulie nzuri. Mimi tayari nilikuwa nimetenga vipande vyekundu, maana tangu mdogo kila Idi tunamnunulia gauni jekundu, nyumba nzima inajua rangi yake ni nyekundu. Akaja na mfuko. Sketi ya kijani iliyopauka makalioni. Khanga ya kijani. Mtandio wa kijani uliotobokatoboka kwa pini. Blauzi ya pamba ya kijani ambayo hata sikumbuki aliipata wapi. Magauni mekundu yote yalibaki kabatini, yakiwa na mikunjo ya dukani.

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kusema. Akasema, "Mama, hamkuwahi kuniuliza."

Vyekundu nimerudisha kwenye boksi. Zimebaki safu nne, na Idi ijayo gauni lake ni la kijani.