Fundi Anajibu: Pikipiki ya Zamani, Fedha Kidogo

Safu ya toleo hili tumeiachia barua za wanaofufua pikipiki kuukuu nyumbani, wengi wao kwa spana za kuazima. Barua ndefu tumezifupisha.

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba ametuachia Honda CG125 ya miaka ya themanini. Imelala stoo kama miaka minane na kiki haishuki kabisa. Fundi wa mtaani anasema ninunue injini nzima. Uwezo huo sina. Nianzie wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Usinunue chochote kwanza. Kiki iliyokaza baada ya miaka ya kulala mara nyingi ni ringi (pete za pistoni) zilizoshikana na kutu ya ukuta wa silinda, na hiyo huachia kwa uvumilivu.

Toa plagi. Changanya dizeli na oili ya giaboksi ya otomatiki nusu kwa nusu, mimina kama mililita 40 kwenye tundu la plagi, ziba kwa kitambaa, uache siku tatu hadi tano huku ukiongeza kidogo kila jioni. Kisha usipande juu ya kiki, kwa sababu gia zake ndogo zinavunjika kabla pistoni haijasogea. Weka gia ya juu kabisa, inua gurudumu la nyuma, ulisukume mbele na nyuma taratibu kwa mikono. Ukipata mwendo wa milimita mbili tu, kazi imekwisha nusu. Ongeza mchanganyiko, rudia kesho. Nguvu nyingi siku ya kwanza ndiyo inayovunja ringi na kukwaruza bloku iliyokuwa nzima.

Injini hii inastahili subira yako. Honda walianza kuiuza mwaka 1976, na valvu zake zinasukumwa na fimbo kutoka kwenye kamu, shafti yenye vinundu, inayoendeshwa kwa gia. Hakuna cheni ya taimingi ya kulegea wala kukatika. Haina filta ya karatasi pia: ina wavu chini ya injini, na kikombe kwenye ncha ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), nyuma ya kava la klachi, kinachozunguka na kurushia uchafu pembeni. Wengi hubadilisha oili miaka na miaka bila kukifungua. Kwa pikipiki iliyolala, fungua kava la kulia, kwangua tope la kikombe hicho, osha wavu kwa petroli, ndipo utie oili mpya. Ujazo ni takriban lita moja. Pima kwa kijiti kikiwa kimekaa tu juu ya tundu, bila kukifunga uzi, pikipiki ikiwa imesimama wima. Nunua oili ya pikipiki yenye alama JASO MA, kwa kuwa klachi inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze.

Kabureta ifunguliwe yote. Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko, ifunge polepole hadi iguse huku ukihesabu mizunguko, uandike. Kama hesabu imepotea, anza na mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipofunga. Jeti, vipande vyenye vitundu vya kupitishia petroli, zisafishwe kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Sindano ya chuma inapanua tundu, na tangu hapo pikipiki itakula mafuta bila wewe kujua sababu. Baada ya hapo angalia cheche, kisha washa kwa kutumia chupa ndogo ya petroli uliyoining'iniza, si tangi ambalo hujaliosha.

Ikiwaka, fedha ya kwanza iende kwenye matairi na breki, rangi isubiri. Tairi lina namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi lenye nyufa ubavuni halifai hata kama kashata zake bado ndefu. Viatu vya breki vikibaki na unene wa milimita 2 vitupwe. Vumbi la ndani ya ngoma lioshwe kwa maji na sabuni, lisipulizwe, kwani viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto. Na kadi ya usajili: linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye fremu na ile ya kwenye kadi, mkaanze taratibu za mirathi na kubadilisha jina TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) mapema, kabla hamjaweka shilingi nyingi ndani ya pikipiki hiyo.

SWALI: Salaam fundi. CG yangu yatoa moshi wa buluu na nguvu imepungua. Makanika mmoja aniambia ringi peke yake zatosha, mwingine asema lazima niboe, yaani nipanue silinda kwa mashine, na kuweka pistoni mpya. Nimuamini nani?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Amini vipimo, na vipimo vyenyewe unaweza kuvichukua kwa fila geji tu, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi.

Kwanza tazama moshi unatoka lini. Ukitoka kwa wingi unapowasha asubuhi kisha ukapungua, oili inashuka kwenye shina la valvu, na dawa ni sili za valvu. Ukitoka muda wote unapovuta mafuta kupanda mlima, ni ringi au silinda.

Pili, pima tapeti, yaani nafasi kati ya roka (mkono unaobonyeza valvu) na valvu yake, injini ikiwa baridi kabisa. Zungusha sumaku, gurudumu la kuzalisha umeme, kinyume cha saa hadi alama ya T ilingane na alama ya kava, na roka zote mbili ziwe na mchezo. Zikikaza, zungusha mara moja tena. Nafasi ni milimita 0.08 kwa zote mbili. Tapeti zilizobana huzuia valvu kufunga na kupoteza nguvu, na watu wamewahi kununua pistoni kwa kosa la robo mzunguko wa nati.

Tatu, bonyeza kiki polepole usikie ukinzani wake. Tia kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, piga kiki mara kadhaa, rudisha plagi, usikilize tena. Ukinzani ukiongezeka waziwazi, hewa inapita kwenye ringi. Usipobadilika, angalia valvu na gasketi ya hedi.

Ikiwa ni ringi, vua bloku. Chukua ringi ya juu peke yake, itie ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa. Pima pengo la ncha zake sehemu mbili: chini kabisa, ambako ringi hazifiki na ukuta haujalika, kisha sentimita moja hivi chini ya ukingo wa juu, ambako hulika zaidi. Toa pengo dogo kwenye kubwa, gawanya kwa 3.14. Jibu ndilo kiasi silinda ilichopanuka. Mfano: chini 0.30, juu 0.65, tofauti 0.35, ukigawanya unapata milimita 0.11. Silinda ya CG125 ina kipenyo cha 56.5, na ikipanuka 0.10 imefika mwisho, kwa hiyo hapo yule wa kuboa ndiye mkweli. Ukipata 0.04, ringi mpya zatosha. Piga ukuta wa silinda kwa msasa wa namba 240 uliolowa oili ukizungusha huku ukipanda na kushuka, upate mistari iliyokatana. Ringi mpya ziwe na pengo kati ya 0.15 na 0.35.

Ikibidi kuboa, nunua pistoni kwanza, ndipo umpelekee mtu wa mashine bloku na pistoni pamoja aipime. Saizi za kuzidisha huenda kwa 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Usiruke hadi 1.00 wakati 0.25 inafuta mikwaruzo, maana unaila akiba ya bloku yako. Ukirudi nyumbani, osha bloku kwa maji ya moto na sabuni ya unga na brashi, hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe, kisha papo hapo ipake oili. Petroli peke yake haitoi unga wa jiwe la mashine. Unga huo hubaki kwenye mistari ukasaga ringi mpya ndani ya wiki chache, na lawama akabebeshwa muuza spea.

Kuhusu spea za Kichina: pikipiki nyingi za bodaboda za 125 zimetokana na muundo wa CG, na hapo ndipo mwenye mfuko mdogo anapopumulia. Namba 156FMI kwenye injini inamaanisha silinda moja, kipenyo cha takriban 56, inapozwa kwa hewa, ya pikipiki, daraja la 125. Lakini tahadhari, injini zenye cheni ya taimingi nazo huitwa 156FMI, na pistoni yake si lazima ilingane na yako. Nenda dukani na pistoni kuukuu mfukoni pamoja na pini yake, uitundike hiyo na ile mpya kwenye pini moja, ulinganishe urefu wa vichwa na nafasi za valvu. 162FMJ ni ya kipenyo cha 62, usihangaike nayo.

Wakati wa kufunga, alama za ringi zitazame juu na mapengo yatawanywe kwa theluthi za duara. Kilomita 500 za kwanza usibebe mzigo wala usivute hadi mwisho, na oili ya kwanza uimwage mapema, kwenye kilomita 300.

SWALI: Tangi langu lina kutu ndani. Nimelisukutua kwa petroli mara nyingi, filta inaziba tena. Hewa ya bahari huku imenishinda.
Msomaji, Tanga

JIBU: Petroli haiyeyushi kutu, inaihamisha tu. Toa tangi, vua koki, ziba tundu lake kwa kipande cha mpira na bamba. Osha kwa sabuni ya maji kwanza, kwani siki haipenyi palipo na mafuta. Ndani tia cheni kuukuu iliyofungwa kamba, ili ukimaliza uivute yote. Anayetumia nati na kokoto huziacha humo. Tikisa kwa dakika kumi, mwaga.

Sasa mimina lita tatu za siki nyeupe ya dukani, ile ya asilimia 5, ulaze tangi upande mmoja, ulibadilishe upande kila baada ya saa tatu au nne. Siku moja hadi mbili hutosha; ukiona chuma cha kijivu, acha, maana siki huendelea kula hata chuma kizima. Mwaga, suuza, kisha tia maji yenye vijiko viwili vya chakula vya baking soda kwa kila lita, uzungushe ili kuua asidi iliyobaki. Hatua inayowashinda wengi wa pwani ni hii inayofuata: chuma kilichosafishwa hivi hushika kutu upya ndani ya nusu saa. Kwa hiyo fanya kazi saa sita mchana jua likiwa kali, kausha upesi, na mara moja mimina glasi ya petroli iliyochanganywa na oili ya tu-stroku (ya injini zinazochoma oili pamoja na petroli), uizungushe ifike kila kona. Pikipiki isiyotembea iachiwe tangi limejaa, kwa kuwa unyevu hutua kwenye ukuta mtupu.

Likitokea tundu dogo, tumia gundi ya chuma ya mirija miwili baada ya kuparuza rangi. Usikubali lichomelewe kwa sababu tu halina mafuta. Mvuke uliobaki kwenye tangi tupu ndio unaolipuka.

Angalia pia tundu la hewa kwenye kifuniko. Pikipiki ikizimika kila baada ya kilomita chache na ikawaka ukifungua kifuniko, tatizo ni hilo.

SWALI: Yamaha DT175 yangu inatoa moshi mweupe mzito na oili ya gia inapungua, lakini sioni inapovuja chini. Inaenda wapi?
Msomaji, Bukoba

JIBU: Inachomwa, kwani DT175 ni tu-stroku. Sili ya krenki upande wa klachi imechoka, na kila pistoni inapopanda hufyonza oili ya gia kuingia chumba cha krenki. Kabla ya kufungua, tazama kwenye mchoro wa spea kama sili hiyo ina ukingo unaobanwa na kesi. Kama unao, injini itapasuliwa. Kama hauna, itatolewa kutoka nje. Ile ya upande wa sumaku hutoka nje ukiwa na pula ya sumaku. Usiigonge sumaku kwa nyundo.

Badilisha zote mbili kwa pamoja. Ya upande wa sumaku ikichoka haitoi moshi, inaingiza hewa, na hiyo ni hatari zaidi: mchanganyiko unakuwa mwepesi, resi inachelewa kushuka ukiachia, plagi inakuwa nyeupe, na mwishowe pistoni inashika ukiwa kwenye mwendo. Na kama mtu aliwahi kuondoa pampu ya oili ya tu-stroku, lazima uchanganye mwenyewe mililita 40 hadi 50 kwa kila lita ya petroli.

SWALI: Skrubu za kava la injini zote zimeliwa vichwa. Nifanyeje?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Skrubu za nyota za pikipiki za Kijapani zina umbo lao, na bisibisi ya nyota ya kawaida hupanda juu na kuzila. Tafuta bisibisi yenye alama JIS, ya kiwango cha Kijapani, au saga ncha ya ile uliyonayo kidogo ikae hadi chini. Paka nchani unga wa kusagia valvu ushike. Weka bisibisi, igonge kwa nyundo mara mbili tatu ili kuamsha uzi, kisha geuza huku umelalia uzito wako wote. Ikikataa, pasha moto alumini inayoizunguka, si skrubu yenyewe. Ukizitoa, weka boliti za alen (zenye tundu la pembe sita kichwani) za milimita 6 zenye urefu ule ule, na uchore kava kwenye kipande cha boksi, kila boliti ikae kwenye tundu lake, kwa sababu hazilingani urefu.

SWALI: Pikipiki yangu ni ya volti 6, taa hafifu. Naweza kuweka betri ya volti 12?
Msomaji, Iringa

JIBU: Betri peke yake, hapana. Koili za kuchajia, regyuleta, globu, honi na kipepesa taa vyote vinapaswa kubadilika. Kabla ya hapo weka mita kati ya hasi ya betri na bloku ya injini, taa zikiwa zimewashwa. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, erthi yako (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia fremu na injini) ni mbovu. Kwenye volti 6 upungufu huo mdogo huonekana mara mbili zaidi ya kwenye 12. Paruza rangi pale waya wa erthi unapokaa kwenye fremu, weka waya mpya mnene kutoka betri hadi injini, safisha soketi za globu kwa msasa laini, upake grisi kidogo. Kisha pima upya.