Kusoma filamu kwenye vyuo vidogo vya Marekani: jibu refu kwa dogo na mjomba wake

Nimesoma uzi wote mpaka hapa. Kwa waliofika sasa hivi: dogo kamaliza form six, kapata nafasi kwenye chuo cha liberali atsi Marekani, yaani chuo kidogo ambacho unasoma mchanganyiko wa masomo mengi pamoja na fani yako, anataka kuchukua filamu na video, mjomba wake ambaye ndiye anasaidia nauli anasema hiyo sio shule ni kwenda kuzurura na kamera, halafu mdau mmoja hapo juu kamalizia kwamba Youtube inatosha. Mimi nimepita huko, chuo kidogo cha kaskazini mashariki, jina sitaji maana kuna sehemu nitakisema, na sasa hivi niko Dar nakula kwa kazi hiyohiyo. Ngoja nitiririke, mwenye haraka apite.

Dogo, kwanza ujue unaenda kupewa nini. Vyuo hivi vingi unamaliza na masomo kama 32 kwa miaka minne, yaani manne kila muhula, na fani yako kuu inachukua kumi hadi kumi na mbili tu. Yaliyobaki ni hesabu, sayansi, lugha, historia, chochote wanachotaka uonje. Sasa hata hayo kumi na mbili sio yote ya kushika kamera, mengi ni kuangalia filamu na kuandika, historia ya sinema, nadharia, insha za kurasa kumi kuhusu filamu ya kimya ya Kirusi. Pale kwetu ya kushuti na kuediti yalikuwa machache sana na kila darasa lilichukua watu wachache, ukichelewa kujisajili unakaa foleni mpaka muhula ujao. Kwa hiyo mtu akikwambia unaenda "film school" mwambie hapana, unaenda chuo ambacho kina filamu ndani yake, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na vyenyewe havifanani. Kuna ambavyo filamu ni kuandika mwanzo mwisho, kamera unaiona kwenye siku ya kutembeza wageni tu. Halafu kuna kama Bard kule New York ambako utamaduni wa kushuti kwa mkanda wa milimita 16 bado upo, na Kelly Reichardt, dairekta mwenye jina, anafundisha pale. Hampshire ya Massachusetts ilifunguliwa 1970 bila maksi za A na B, mwalimu anakuandikia maelezo ya kazi yako, Ken Burns, mtengenezaji maarufu wa filamu za hali halisi, katoka pale 1975, na Lupita Nyong'o kasoma pale filamu na tamthilia kabla ya kwenda Yale, ndio kipindi hicho akatengeneza filamu ya hali halisi kuhusu watu wenye ualbino Kenya. Watu wanamjua kwa uigizaji tu lakini alianzia nyuma ya kamera. Majirani zake, vyuo vya Amherst, Smith, Mount Holyoke na UMass, wana ushirika ambapo mwanafunzi wa kimoja anaruhusiwa kuchukua somo kwa jirani, kwa hiyo chuo chako kikiwa na darasa moja tu la kamera uliza majirani wana nini.

Faida ambayo watu hawaisemi: vyuo hivi karibu vyote havina wanafunzi wa masters wa filamu. Kwenye chuo kikubwa wale ndio wenye kamera nzuri na ndio wenye studio, wewe wa mwaka wa kwanza unashika waya. Kwetu mwaka wa kwanza muhula wa pili tayari nilikuwa nadairekti kifilamu changu cha dakika nne, kibaya, lakini changu. Hasara yake ni upande wa pili wa hilohilo, hakuna krew, yaani timu ya kushuti. Mtu wa sauti ni rafiki yako anayesoma bailojia, ana mtihani kesho, anashika ule mti wa maiki mkono unatetemeka na kivuli kinaingia kwenye fremu. Unajifunza kila kazi kwa lazima.

Ushauri wangu wa kwanza kabisa, na huu ndio wenye thamani kuliko yote nitakayosema: ukifika tu omba kazi ya stoo ya vifaa. Viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, inakuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo mpaka saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea, wengi wanakimbilia maktaba au jikoni, wewe nenda stoo. Ijumaa mchana watu wanapanga foleni kuchukua vifaa vya wikiendi, Jumatatu asubuhi vinarudi, na wewe ndiye unayefungua kila begi na kukagua: betri ngapi, kadi, kifuniko cha lenzi, nyaya za maiki zimekunjwa au zimefungwa fundo, na kile kibamba kidogo kinachokaa chini ya kamera kuishikiza kwenye traipodi, aisee kile ndicho kinapotea kuliko kitu chochote duniani, mtu anaondoka nacho kimeng'ang'ania kwenye kamera yake mwenyewe na hana habari. Bila kibamba traipodi ni mzigo tu. Pale stoo ndipo nilijua tofauti ya lenzi na lenzi, nilijua kwa nini rekoda inapiga kelele ukiweka betri dhaifu, na usiku kukiwa kimya mkuu wa stoo alikuwa ananiachia nijaribu taa. Hakuna darasa lililonipa masaa mengi ya kushika vitu kama yale.

Sasa nije kwa mdau wa Youtube. Mkuu upo sahihi nusu. Vitufe vya kamera na programu ya kuediti unajifunza bure, DaVinci Resolve yenyewe ina toleo la bure na inafanya kazi za maana. Nisichokubali ni kwamba hiyo ndiyo shughuli nzima. Mfano, mwaka wa pili tulipewa Bolex, kamera ya zamani ya milimita 16 ambayo unaijaza kwa kuzungusha mkono, ukiijaza full inakwenda chini ya nusu dakika halafu inasimama, na roli moja ya futi 100 haifiki dakika tatu. Mwalimu kasema roli mbili, filamu nzima, hakuna kuongezewa. Huoni ulichoshuti mpaka mkanda uende maabara urudi, wiki na zaidi. Basi utaona watu wazima wamekaa kwenye baridi robo saa wanabishana kamera ikae kushoto au kulia, maana kila sekunde ni hela. Mpaka leo nikienda lokesheni na kamera ya kidijitali yenye kadi ya kushuti siku nzima, bado naandika shoti kwenye karatasi kabla ya kubonyeza, na mhariri wangu ananishukuru kwa hilo.

Kingine ni ile siku ya kuchambuliwa. Unaleta kazi haijaisha, inaonyeshwa, halafu kanuni ni kwamba wewe mwenye kazi unakaa kimya na wenzako wanaongea. Huruhusiwi kujitetea. Mtu anasema sikuelewa yule mama ni nani, mwingine anasema dakika ya pili nimechoka, na wewe kichwani una majibu yote lakini mdomo umefungwa. Kwetu tuliozoea kwamba mwalimu ndiye anasema na wewe unaitikia, halafu huyo mwalimu mwenyewe anataka umwite jina lake la kwanza na umbishie, inachukua muda kuzoea. Ila unaondoka unajua watazamaji walichokiona, sio ulichokusudia. Hiyo Youtube haina, kule unapata "kazi nzuri kaka" na emoji ya moto.

Kuna jambo la ngozi pia, na hapa ndipo nitakilaumu chuo changu kidogo. Darasa la taa lilifundishwa kwa mwanafunzi mmoja mzungu amekaa kwenye kiti, vipimo vyote vimewekwa kwa uso wake. Nikakaa mimi, nikawa kivuli chenye meno. Mkufunzi akaongeza taa tu mpaka paji la uso likawaka kama sufuria. Nilichojua baadaye nilikipata kwenye darasa la historia ya picha, idara nyingine kabisa: Kodak walikuwa wanatuma kwa maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, na kwa miaka mingi rangi sahihi ilimaanisha ngozi yake. Walipokuja kuboresha mkanda kwenye rangi za kahawia, sehemu ya msukumo ilitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na samani waliolalamika bidhaa zao hazitoki vizuri. Sasa nikielewa hivyo ndio nikaanza kufanya majaribio. Ngozi nyeusi huipigi taa kali usoni, unaweka chanzo kikubwa laini pembeni ili ngozi iakisi, ubao mweupe wa povu au hata pazia la bafuni mbele ya taa, unamsogeza mtu mbali na ukuta mweupe, mafuta kidogo kwenye shavu, na unaangalia grafu ya mwanga kwenye monita badala ya kuamini macho. Hiki ndicho kitu ninacholipwa nacho Dar kuliko kingine chochote, nakiri bila aibu.

Na ndio maana sikubaliani na wanaosema hayo masomo mengine ni kupoteza muda. Sio yote, kuna somo moja la jiolojia nilichukua kutimiza masharti na nakumbuka mawe mawili tu. Ila anthropolojia ilinifundisha kuomba ruhusa kwa mtu kabla ya kumshuti na kukubali akisema hapa ndiyo, pale hapana. Filamu yangu ya mwisho ilikuwa ya kwaya ya Wakongo walioko Portland, Maine, kuna Wakongo wengi kule, na mama mmoja alikubali nimshuti kanisani na jikoni kwake lakini kazini hapana, na hakutaka watoto waonekane sura. Darasa zima walinishauri nimbembeleze kwa sababu kazini ndiko kulikuwa na hadithi. Sikumbembeleza, nikarekodi sauti yake tu akisimulia zamu ya usiku huku anakata sombe, yaani kisamvu, na ndiyo sehemu watu wanayoikumbuka.

Hela. Mjomba asikilize hapa. Bei ya vyuo hivi vingi vya binafsi sasa inapita dola 80,000 kwa mwaka ukijumlisha chumba na chakula. Usiende kusoma filamu kwa mkopo wa hiyo bei, usiuze kiwanja, usithubutu. Nenda kama wamekupa msaada unaofunika karibu kila kitu. Amherst na Bowdoin hawaangalii uwezo wa hela wakati wa kuchagua hata wanafunzi wa kigeni, wengi wengine wanaangalia, na waliosoma shule za kimataifa za UWC, kama ile ya Moshi na Arusha, wana skolashipu ya Davis kwenye vyuo shiriki. Halafu uliza gharama za fani yenyewe: mkanda na maabara nani analipa, hadi diski ya kuhifadhia kazi, maana hizo hazipo kwenye barua ya msaada.

Baada ya kumaliza unapata OPT, ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako miezi 12. Wa sayansi na teknolojia wanaongezewa 24, filamu kwa kawaida haimo kwenye orodha hiyo, na ukikaa bila kazi jumla ya siku 90 umekwisha. Kwenye kazi zetu za vibarua hiyo ni presha kubwa. Na sheria za viza zinabadilika kila kukicha, kwa hiyo kabla hujalipa chochote angalia ukurasa wa ubalozi na uende EducationUSA, ofisi ya Marekani ya kushauri wanafunzi, ukaulize, ushauri wao ni bure.

Msaada ukiwa nusunusu, mimi ningebaki. UDSM wana filamu, TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ipo, Maisha Film Lab, iliyoanzishwa 2004 na dairekta Mira Nair, imefundisha watu wa ukanda huu, tamasha la filamu la ZIFF kila mwaka liko hapo Unguja tu kupeleka kazi na kukutana na watu. Unajenga mikono hapa, huko unaenda baadaye kwa masters na jina lako tayari.

Mjomba naye tumtendee haki, hofu yake ni ajira na ana pointi. Filamu za kuigiza hapa hazijanilisha. Kinachonilisha ni video za mashirika, matangazo, na mara mojamoja harusi ya mtu mwenye uwezo. Na mashirika hawakunichukua kwa sababu ya kamera, vijana wenye kamera nzuri kuliko yangu wamejaa Kinondoni, walinichukua kwa sababu naweza kuandika andiko la mradi kurasa tano na bajeti isiyo na mashimo. Zile insha za filamu ya kimya zilifanya kazi yake kwa njia hiyo.

Kwa hiyo dogo, leo hii waandikie idara barua pepe: madarasa ya kamera ni mangapi na yanatolewa kila muhula au kila baada ya mwaka, mwaka wa kwanza anaruhusiwa kuchukua kifaa gani stoo, filamu ya mwisho idara inachangia kiasi gani. Wakikujibu kwa maneno matamu bila namba, uliza tena. Majibu na barua yako ya msaada, futa jina lako kwanza, weka hapa tuipige hesabu pamoja na mjomba akiwepo.