Kabla ya chupa, tia kidole mdomoni

Mbuzi wangu wa kwanza wa maziwa alizaa usiku, mwezi wa saba. Anayeijua Mgeta, huku juu milimani Uluguru, anajua baridi ya mwezi huo. Alfajiri nafungua banda nakuta vitoto viwili. Kimoja kimeshasimama, kinahangaika na chuchu. Cha pili kimelala juu ya fito za sakafu, manyoya yameloa ute, mguu wa nyuma umetumbukia kati ya fito mbili unaning'inia chini. Nikakinyanyua, nikamkamua mama yake mbiombio, nikakinywesha. Hakikumeza. Maziwa yakawa yanatokea puani. Saa tatu asubuhi kikafa.

Jirani yangu ni mama mtu mzima, anafuga mbuzi wa Norway tangu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilipowaleta huku miaka ya 1980. Alipofika hakuanza na pole. Aliuliza, "Ulikitia kidole mdomoni, mwanangu?" Nikamwambia nilikitia chuchu ya chupa. Akatikisa kichwa.

Kumbe kipimo chenyewe hakihitaji hata kifaa. Nawa mikono, tia kidole mdomoni mwa kitoto. Ukikuta joto na ulimi unakunyonya, mpe maziwa. Ukikuta baridi kama umegusa jiwe la mtoni, weka chupa pembeni. Kitoto kilichopoa hakiwezi kumeza sawasawa, maziwa yanaingia mapafuni, na hata yakifika tumboni hayasagiki. Mkaushe kwanza kwa gunia au kanga kuukuu, umsugue mpaka manyoya yasimame, umfunge, umkalishe karibu na moto wa jikoni au ubavuni pake uweke chupa za maji ya vuguvugu. Mdomo ukipata joto na kichwa kikisimama, ndipo umpe.

Na cha kumpa ni dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya mwanzo. Kitoto cha mbuzi kinazaliwa bila kinga yoyote kutoka kwa mama yake. Kinga yote iko kwenye dang'a, na utumbo unaipokea katika saa za mwanzo tu. Siku ikiisha, mlango umefungwa. Mimi nahesabu hivi: kitoto cha kilo 3 kipate mililita 300 ndani ya saa 24, kwa mafungu manne au matano, na fungu la kwanza lisizidi saa moja baada ya kuzaliwa. Mbuzi akiwa na dang'a ya ziada naikamua na kuigandisha kwenye friji ya duka la jirani. Andika juu ya chupa kwa herufi kubwa, maana watoto wa huku wakiona barafu haibaki. Ukiiyeyusha tumia maji ya vuguvugu, usiichemshe.

Dang'a ya mbuzi wangu yule ilikuwa kiduchu, na kosa lilikuwa langu. Nilimnunua ana mimba na bado anakamuliwa, nami nikaendelea kukamua mpaka wiki ya mwisho. Niliona hasara kuacha maziwa ya bure. Mbuzi anatakiwa aachwe akauke miezi miwili kabla ya kuzaa, kiwele kipumzike. Siku hizi nikifika hapo nasimama, hata kama chai itanyweka kavu.

Halafu kuna suala la banda. Wote tunasifia banda la kuinuliwa, na kweli kwa mbuzi mkubwa ni zuri: mavi yanadondoka chini, kwato zinabaki kavu. Lakini upepo unaopita chini ya fito ndio huo huo unaompiga mtoto aliyelowa. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita moja na nusu. Wiki moja kabla ya kuzaa natenga kona, nafunika fito kwa mbao, juu magunia, juu yake tena majani makavu ya kutosha, na upande wa upepo naziba.

Utajuaje wiki hiyo? Andika siku aliyopandwa, hesabu siku 150. Aliyepandwa tarehe 1 Februari anazaa karibu na tarehe 1 Julai, na ndiyo sababu mwezi wa pili beberu wangu hawaoni majike hata akilia vipi. Nangoja mwezi wa nne. Jike anarudi kwenye joto, yaani kutaka dume, kila baada ya siku 21 hivi, hakuna haraka.

Siku ikifika, panabonyea pande zote mbili za mkia, anakataa pumba, anaparua chini kwa kwato na kugeuka kutazama ubavu wake. Zikitangulia kwato mbili za mbele na pua juu yake, kaa mbali umwache. Akisukuma nusu saa bila kitu kusogea, mpigie bwana mifugo, usianze kuvuta. Kitovu cha kitoto chovya kwenye iodini. Kondo la nyuma linatoka lenyewe; likipita saa 12, piga simu tena.

Septemba iliyopita jike wangu mweupe alizaa watatu, saa nane za usiku, mvua inanyesha. Wawili walikuwa wazima. Wa tatu, mdogo kuliko wote, nilimtia kidole nikakuta baridi. Binti yangu akamtumbukiza ndani ya sweta lake, akakaa naye karibu na mafiga. Hatukusemezana. Baada ya kama dakika arobaini akaniambia, "Baba, ananyonya kidole changu." Nikaenda kuchukua chupa.