Mkanda wa babu yako hauna kiu unayoidhani

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi. Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu na anauliza kama bado unakohoa usiku.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema ule mkanda wa ngozi wa babu yako wa kunolea wembe umekauka, kingo zake zimejikunja kwa juu kama jani lililochumwa jana, na wembe ukipita unateleza kana kwamba uko juu ya kioo. Unauliza uupake mafuta gani: ya nazi, ya zeituni, au haya ya mgando uliyo nayo kabatini. Na mara ngapi kwa mwezi.

Kwanza zirudishe chupa zote hizo kabatini. Mikanda niliyoiona ikifa, mingi iliuawa na mafuta, si ukavu. Wa kwanza niliuua mimi mwenyewe. Nilikuwa mdogo kuliko wewe, babu yako akanipa mkanda wake wa akiba, nami kwa kutaka aone kuwa ninajali nikaumiminia mafuta ya kupikia. Ukayanywa yote. Nikaongeza. Baada ya wiki ulikuwa mlaini kama mkate uliolowa, na haukupita mwezi ukaanza kunata na kunuka, maana mafuta ya kupikia huchacha ndani ya ngozi yakawa kama ulimbo. Babu yako aliuvuta, ukarefuka mkononi mwake. Hakusema neno. Aliutundika tena msumarini pale pale, ili niuone kila asubuhi. Alikuwa hodari wa adhabu za namna hiyo.

Tatizo la ngozi laini ni hili. Sote tunasema mkanda wa kunolea, lakini mkanda haunoi. Kinachonoa ni jiwe. Ncha ya makali ya wembe ni nyembamba mno, na ukishanyoa inabaki imepinda huku na huku. Ngozi kazi yake ni kuinyoosha. Sasa ngozi iliyoloa mafuta hudidimia chini ya wembe, kisha huinuka nyuma yake na kuyabusu makali kutoka pembeni. Utapitisha mara mia na utakuwa unayaviringisha tu. Ndiyo sababu hiyo hiyo huwa nakuambia uuvute mkanda ukaze kama kamba ya kuanikia nguo na usiukandamize wembe.

Na usiutarajie mkanda uponye kila kitu. Mwaka 2020 watafiti wa MIT, kule Marekani, walieleza walichokiona kwa hadubini wembe ulipokuwa ukikata nywele: unywele, ambao ni laini kama mara 50 kuliko chuma cha wembe, ukipinda mahali ambapo chuma hakilingani sawasawa unaweza kumegua kipande cha makali. Kilichopinda kitanyooshwa na ngozi. Kilichomeguka kipeleke kwenye jiwe.

Turudi kwa mkanda wako. Mimi naona una mambo mawili, nawe umeyafanya moja. Kuteleza si lazima iwe ukavu. Mara nyingi ni vumbi, mabaki ya sabuni na uchafu wa chuma vilivyojishindilia juu ya ngozi mpaka ikang'aa. Chukua kitambaa safi, kiloweshe kisha ukikamue mpaka kisitoe hata tone, ufute kutoka juu hadi chini. Uache ukauke kivulini, usiuweke juani wala karibu na moto. Ikiwa bado unang'aa, pitisha msasa laini sana, wa namba 600 hivi, kwa mkono mwepesi, halafu ufute unga wote. Chembe moja ya mchanga ikibaki itatosha kuharibu makali.

Kisha weka kiganja. Hili ndilo ninalotaka ulishike hata ukisahau mengine yote. Osha mikono, ikaushe, usugue ngozi kwa kiganja kwenda na kurudi mara ishirini, thelathini, mpaka uhisi joto. Mafuta ya mkono wako ni kidogo sana, na kwa mkanda unaotumika kiasi hicho ndicho kinachotakiwa. Fanya hivyo kila siku kabla ya kupitisha wembe. Utaona baada ya wiki mbili tatu ngozi imeanza kuushika wembe, na sauti itabadilika, kutoka mkwaruzo mkavu kuwa mvumo wa chini. Mtu akizoea, sauti hiyo humwambia hali ya mkanda kabla hajaugusa.

Je, mafuta yasipakwe kabisa? Hapana, yana siku yake. Ukunje mkanda kidogo sana, uso unaopitishia wembe ukiwa nje. Ukiona mistari myeupe au nyufa ndogo kama za udongo wa kiangazi, hapo kweli ngozi ina njaa. Tafuta mafuta yanayochemshwa kutoka kwenye miguu ya ng'ombe, yale wanayotumia watengeneza matandiko ya farasi, yakiwa halisi bila kuchanganywa. Matone matatu au manne kiganjani, si juu ya ngozi, kisha usambaze kwa kusugua. Uache usiku kucha, asubuhi ufute kilichobaki juu. Kama bado, rudia baada ya siku kadhaa. Mkanda wangu huu huyapata mara moja kwa mwaka, na kuna miaka nimesahau bila ya dhara. Ya nazi huganda kukiwa na baridi. Ya mgando hubaki juu yakikusanya vumbi. Dawa ya viatu sitaki hata kuisikia, ina nta na rangi.

Vinyozi wa zamani walikuwa na njia nyingine ninayoipenda kuliko mafuta: povu zito la sabuni ya kunyolea. Paka kidogo, ulisugue kwa kiganja mpaka liingie lote na ngozi ikauke chini ya mkono wako. Kwa ngozi iliyokakamaa kama yako ningeanzia hapo.

Kingo zilizojikunja zisikutie wasiwasi. Ngozi ikishalainika kidogo, ulaze mkanda juu ya ubao ulionyooka, uso chini, ubao mwingine juu yake na vitabu vizito, siku mbili au tatu. Ukiutoa, uviringishie chupa tupu ya kioo kutoka juu hadi chini, ukikandamiza pembeni. Baada ya hapo utundike, usiukunje tena kwenye droo. Bafuni usiuweke kabisa, mvuke utauotesha ukungu.

Umetaja pia mkato mdogo pembeni. Najua ulivyopatikana, na wala sicheki. Wembe hugeuzwa kwa mgongo, haugeuzwi kwa makali: ukifika mwisho, makali yanainuka, mgongo unabaki juu ya ngozi, ndipo unarudi. Tena mgongo ndio unaotangulia, makali yanafuata. Wenye haraka hugeuza vibaya na kuikata ngozi. Mkato wa pembeni usugue kwa msasa mpaka usikwaruze kidole. Ukiwa na kipande kilichoinuka, weka gundi kidogo chini yake, ukigandamize mpaka kikauke, kisha ukisawazishe.

Kuhusu ile dawa ya kijani ya kunolea uliyopewa na rafiki yako: usiipake kwenye ngozi ya babu yako. Chembe zake zikishaingia kwenye vinyweleo hazitoki tena, na utakuwa umegeuza mkanda wa kunyoosha kuwa jiwe dhaifu. Kama lazima uijaribu, tafuta kipande kingine cha ngozi.

Mkanda ukiwa tayari usianze na wembe. Chukua kisu cha kupakia siagi, kile kisicho na makali, ufanye nacho mazoezi ya kugeuza mpaka mkono ugeuze wenyewe bila wewe kufikiri. Babu yako alinishikisha kisu wiki nzima. Ukihamia kwenye wembe, nenda polepole, mara hamsini zinatosha kabla ya kunyoa, na wembe uwe mkavu kabisa.

Niandikie ukishaanza kuisikia ile sauti. Na ujibu suala la kukohoa, maana mama yako amesimama hapa nyuma yangu akisoma.

Baba yako