Misako kila wikendi, Jumatatu wamerudi: mfanye nini?

Mkuu, umesema polisi wanazoa wanawake wanaojiuza barabarani kila Ijumaa, faini zinalipwa, Jumatatu wako palepale, na sasa kuna mwanamume anayewapiga na kuwabaka lakini hakuna anayeripoti. Hayo mawili yanahusiana. Faini hulipwa kwa kurudi barabarani, na anayekamatwa Ijumaa hatakwenda kituoni Jumapili kushtaki.

Anzeni na mbakaji. Ombeni polisi wateue askari mmoja, jina na simu yake zijulikane, apokee taarifa bila kumkamata mlalamikaji kwa kujiuza. Polisi wa Merseyside, Uingereza, tangu 2006 huhesabu uhalifu dhidi ya wanawake hawa kuwa uhalifu wa chuki, yaani unaomlenga mtu kwa sababu ya kundi lake.

Aliyebakwa asioge wala kufua. Nguo ziwekwe kwenye mifuko ya karatasi, kila moja na wake. Nailoni hutunza unyevu, ukungu unaharibu ushahidi. Hospitali ni mapema iwezekanavyo: dawa za kuzuia VVU zina kikomo cha saa 72. Namba ya gari la mbakaji, hata tarakimu tatu tu, iandikwe papo hapo.

Kondomu zisitumike kamwe kama ushahidi wa ukahaba. Zikitumika hivyo, wanawake wataacha kuzibeba.

Kero ya magari ya wateja yanayozunguka mtaani ni kazi ya manispaa zaidi: zuieni njia ya mkato usiku, wekeni taa. Ila angalieni msiwasukume wanawake kwenye vichochoro vya giza, maana huko ndiko mbakaji anakowataka.