Kadi za mkopo zikikulemea, piga hesabu hii kabla ya kukimbilia mkopo mwingine

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia. Ana kadi tatu, zote zimefika ukomo, na sasa anatoa pesa taslimu kwenye moja ili alipie nyingine. Alitaka nimchagulie njia: achukue mkopo mkubwa azifute zote, aziombe benki zimpunguzie, au ajitangaze muflisi aanze upya. Mwisho wa ujumbe aliandika, "Silali, dada." Nilimjibu kwa kifupi siku ileile, lakini jibu fupi halitoshi. Tena mwezi huu mimi mwenyewe nimepokea barua ya mwisho ya benki inayosema sidaiwi chochote, kwa hiyo acha nieleze kwa urefu.

Deni langu lilitokana na matibabu ya mama. Bima ilifika kikomo akiwa bado kitandani, na hospitali haikusubiri tujipange. Kadi zilikuwa kwenye pochi, nikazitumia, na kama mama angeugua tena leo ningezitumia tena. Naliweka wazi hilo kwa sababu mtu akisikia deni la kadi, anachofikiria kwanza ni viatu na safari. Kaka yangu mkubwa alifikiria hivyo hivyo. Nilipomwomba tusaidiane, alisema mbele ya ndugu kwamba anayependa maisha ya juu ayalipie mwenyewe. Risiti za hospitali zilikuwa mezani pale, hakuzigusa. Tunasalimiana, tunakutana kwenye misiba na harusi, ila kauli ile bado inanichoma, na nimeacha kujidanganya kwamba imepita.

Nilianza kulipa kama benki ilivyotaka. Kila mwezi kabla ya tarehe, sikuchelewa. Salio halikusogea. Usiku mmoja nikazitandaza taarifa za kadi zote mezani, nikachukua kalamu nyekundu na kwenye kila karatasi nikazungushia mstari mmoja tu: riba ya mwezi. Nikajumlisha ile mistari. Jumla yake ilizidi kodi ya nyumba niliyokuwa nikiishi.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Tuseme unadaiwa 100,000, riba ni asilimia 3 kwa mwezi, na benki inataka ulipe angalau asilimia 5 ya salio. Mwezi wa kwanza unalipa 5,000. Kati ya hizo, 3,000 ni riba. Zinazopunguza deni ni 2,000 tu. Mwezi unaofuata salio ni 98,000, kwa hiyo kima cha chini kinashuka hadi 4,900, nawe unashukuru umepata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo inayokumaliza. Mwaka ukiisha umelipa karibu 53,800 na bado unadaiwa karibu 78,500. Sasa mchukue mtu mwingine mwenye deni hilo hilo, ambaye anakataa kushuka na kima cha chini. Anabaki na 5,000 kila mwezi na kadi haitumii tena. Mwezi wa 31 amemaliza. Yule wa kwanza, mwezi huo huo wa 31, bado anadaiwa zaidi ya 53,000.

Marekani walipitisha sheria mwaka 2009 inayolazimisha taarifa ya kadi imwonyeshe mteja itamchukua muda gani kumaliza deni akilipa kima cha chini peke yake, na alipe kiasi gani kwa mwezi ili amalize ndani ya miaka 3. Taarifa zangu hazikuwa na kitu kama hicho. Niliitafuta hesabu hiyo mwenyewe, na naona fahari kwamba niliipata bila msaada wa mtu.

Watu watakuambia dawa ya deni kulipa. Sawa, lakini kuna swali linalotangulia: kinachokulemea ni riba, au ni deni lenyewe? Chukua jumla ya unachodaiwa leo, ondoa riba ya siku zijazo kichwani, ugawanye kwa miezi 48 au 60. Kisha angalia kinachobaki kwenye kipato chako baada ya kodi, chakula, nauli na ada. Ikiwa kinachobaki kinatosha kulipa kiasi hicho, adui yako ni riba, na kazi yako ni kuishusha. Ikiwa hakitoshi hata riba ingekuwa sifuri, basi hakuna mkopo wa kuunganisha madeni utakaokuokoa. Wewe unahitaji kupunguziwa deni au kufunguliwa na sheria, yaani kutangazwa muflisi. Njia zote anazozitaja dada yangu zinaangukia upande mmoja au mwingine. Anayechagua njia kabla ya kujua yuko upande gani atapoteza muda na pesa, na kwa kawaida huwa hana vyote viwili.

Mimi nilikuwa upande wa riba, kwa hiyo niliipigia benki. Kijana wa huduma kwa wateja alinijibu kwa adabu kabisa: "Mama, mfumo unaonyesha unalipa vizuri, huna tatizo." Nikamwambia tatizo ninalo, ila bado sijachelewa. Akarudia yale yale. Hapo ndipo wengi hukata simu. Nikamwomba aniunganishe na kitengo kinachoshughulikia wateja waliokwama. Siku hiyo ilishindikana. Nikaandika barua, nikaambatanisha hati ya mshahara, orodha ya matumizi yangu ya lazima na risiti za hospitali, nikataja kiasi ninachoweza kulipa kila mwezi bila kuyumba, na nikaomba mambo mawili: riba ishushwe na faini zisiongezwe. Benki mbili zilikubali kwa sharti la kuzifunga kadi. Ya tatu ilikataa, deni likapelekwa kwa wakusanya madeni. Mmoja wao akapiga simu ofisini kwetu na kumweleza dada wa mapokezi habari zangu zote. Nilipita pale mapokezi kwa muda mrefu nikiangalia chini. Mtu akidaiwa haachi kuwa mtu, na anayekusanya deni hana haki ya kulitangaza. Wakikufanyia hivyo, andika tarehe, saa na jina la aliyepiga, peleka malalamiko kwa maandishi, na tangu hapo wajibu kwa barua tu.

Sasa niseme kuhusu mkopo wa kuunganisha madeni, maana ndio unaotangazwa kila mahali. Ni mzuri kama riba yake ni ndogo kweli. Uliza kama riba inahesabiwa kwenye salio linalopungua au kwenye kiasi chote cha mwanzo hadi mwisho. Mkopo wa miaka 3 wa "asilimia 12" inayohesabiwa kwenye kiasi cha mwanzo ni sawa na karibu asilimia 21 kwa mwaka kwenye salio linalopungua, kwa sababu unaendelea kulipia riba ya pesa ulizokwisha kurudisha. Ongeza ada ya kuandaa mkopo na bima yake, unaweza kukuta umehama kutoka kwenye moto ukaingia kwenye moto.

Na usiweke nyumba wala kiwanja dhamana ili kulipa kadi. Nakusihi. Kwa kawaida deni la kadi halina dhamana: ukishindwa, benki lazima ikufuate kwa barua, kwa wakusanya madeni, kisha mahakamani. Ukiligeuza kuwa deni lenye hati ya nyumba, umewapa njia ya mkato ya kukutoa unapolala na watoto.

Kuhamishia salio kwenye kadi yenye riba sifuri ya muda kunafaa kwa mwenye nidhamu na kipato cha uhakika. Kuna ada ya kuhamisha, kipindi kina mwisho, na mara nyingi ukichelewa tu nafuu inaondoka. Kama huwezi kumaliza ndani ya kipindi, usijaribu.

Kupunguziwa deni lenyewe ni kwa aliyekwisha kushindwa na ana kiasi fulani cha kulipa kwa mkupuo. Benki husikiliza zaidi pesa iliyopo kuliko ahadi. Pata makubaliano kwa maandishi kabla ya kutoa hata senti, yenye maneno kwamba kiasi hicho kinamaliza deni lote. Fahamu pia kwamba kwenye taarifa zako za mikopo, zile wakopeshaji wanazoziangalia kabla ya kukukopesha, itaandikwa umelipa kwa makubaliano, siyo kwa ukamilifu. Na kama deni ni la zamani sana, muulize mwanasheria kwanza, maana katika nchi nyingi kulipa hata kidogo au kulikiri kwa barua huanzisha upya muda ambao sheria inamruhusu mdai kukushtaki.

Jihadhari na kampuni zinazosema acha kulipa benki, tulipe sisi, tutakutetea. Wifi yangu walimtoza ada mwanzo na hawakuwahi kuongea na benki hata moja. Riba na faini zikapanda wakati yeye akiamini anatetewa. Marekani tangu 2010 kampuni zinazouza huduma hiyo kwa simu haziruhusiwi kutoza ada kabla ya kumaliza angalau deni moja. Popote ulipo, shika kanuni hiyo.

Kuhusu kufilisika: kama hesabu imekuonyesha kwamba deni lenyewe haliwezekani, nenda kwa mwanasheria mapema, kabla hujauza kila kitu na kumaliza akiba ya uzeeni kwa ajili ya deni ambalo sheria ingelifuta. Nimeona watu wakiogopa neno hilo kuliko njaa ya watoto wao. Sheria hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu, itumieni. Ila aliyekudhamini hafunguliwi pamoja nawe. Wataendelea kumdai yeye. Na matunzo ya watoto kwa kawaida hayafutiki.

Miaka ya kulipa sitaisimulia, ilikuwa kulipa tu. Kadi yenye riba kubwa kuliko zote niliitanguliza, nyingine nikazipa kiasi tulichokubaliana, na moja ikiisha, pesa yake nikaihamishia kwa inayofuata. Wengine huanza na deni dogo ili wapate moyo. Kama moyo ndio unaokukosa, anza hivyo, lakini ujue moyo huo unaulipia kwa riba zaidi.

Dada yangu, kwa namba ulizonitumia, wewe uko upande wa riba. Acha leo kutoa pesa taslimu kwenye kadi: riba yake huanza siku hiyo hiyo na kuna ada juu yake. Usisaini ule mkopo. Jumatatu andika barua tatu, kila benki yake, zenye kiasi kile kile unachokiweza kweli, na uzipeleke kwa mkono upigiwe muhuri kwenye nakala. Wakikubali, omba ratiba mpya kwa maandishi. Ukimaliza, dai barua ya kumaliza deni, kisha subiri kidogo uangalie kama taarifa zako za mikopo zimesahihishwa. Kwangu benki moja ilisahau, na bila ile barua ningeonekana nadaiwa mpaka leo. Nitumie rasimu kabla hujazipeleka, nitazisoma.