Bunge la Marekani kufuta dharura ya Rais: linaweza, ila si rahisi

Umeuliza kwa nini Bunge la Marekani lisifute tu hali ya dharura iliyotangazwa na Rais. Linaweza, lakini azimio lenyewe hupita mezani kwake! Sheria ya dharura ya 1976 iliwaruhusu wabunge kuifuta bila saini yake. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ikabatilisha utaratibu wa aina hiyo. Sasa Rais akipiga kura ya turufu, kuishinda kunataka theluthi mbili kila baraza. Machi 2019, walipojaribu kuishinda turufu ya Rais Trump kuhusu dharura ya mpaka na Meksiko, Baraza la Wawakilishi lilipata kura 248 dhidi ya 181. Hazikutosha. Dharura hudumu mwaka mmoja, ila huongezwa kwa notisi tu: ile iliyotangazwa dhidi ya Iran mwaka 1979 bado huhuishwa kila Novemba. Na ikishatangazwa dhidi ya tishio la nje, sheria ya 1977 inamruhusu Rais kuzuia mali na miamala ya wageni.